Theodore Roosevelt, Mtoto Aliyelala Ameketi

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamepata kulisikia jina la Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1901 mpaka mwaka 1909. Wengine wanamjua kwa safari yake ya kuwinda katika Afrika ya Mashariki, maana alipita humu humu nchini mwetu Uganda. Wengine wanamjua kwa ajili ya yule dubu wa kitambaa anayechezewa na watoto, ambaye alipewa jina lake mwaka 1902. Lakini ni wachache wanaojua kwamba bwana huyu, ambaye picha zake zinamwonyesha mpana wa kifua na mwenye meno makubwa ya kucheka, alikuwa hapo kwanza mtoto asiyeweza kulala usiku kama watoto wengine. Alikuwa na ugonjwa wa pumu.

Mimi nataka kuyasimulia maisha yake kwa upande huo. Sababu yangu ni kwamba mimi pia nina pumu tangu nilipokuwa mdogo, na katika shule ya bweni mwenye pumu hana siri. Wenzake wote humsikia usiku. Habari za Roosevelt nimezisoma katika vitabu, nami nimeona kwamba mara nyingi husimuliwa kwa namna ya kupendeza kuliko zilivyokuwa kweli. Tena kusimulia hivyo kunaweza kumdhuru mtu, kama nitakavyoeleza.

Theodore alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1858 katika mji wa New York. Nyumbani walimwita Teedie. Baba yake, ambaye naye aliitwa Theodore, alikuwa wa ukoo wa matajiri waliofanya biashara ya kuingiza vioo. Mama yake, Martha Bulloch, alitoka katika jimbo la Georgia, upande wa kusini. Walizaa watoto wanne: Anna ndiye wa kwanza, akafuata Theodore, kisha Elliott, kisha Corinne. Watoto hao hawakukosa chakula, wala nguo, wala daktari. Hata hivyo mali haikuyazuia maradhi mlangoni. Anna aliugua mgongo. Corinne alipata pumu. Na Teedie, alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi, alianza kubanwa na kifua usiku.

Kwa wale ambao hawajapata kuuona ugonjwa huu, nitaueleza kwa maneno machache. Hewa tunayovuta hupita katika mirija inayogawanyika kama matawi ya mti mpaka ndani ya mapafu. Kwa mwenye pumu, kuta za mirija hiyo huvimba, misuli inayoizunguka hukaza, na ute mzito hujaa ndani yake. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi, ndipo kifua kinapopiga filimbi. Ugonjwa huu hupenda usiku, hasa kutoka saa nane mpaka alfajiri, kwa sababu saa hizo mirija ya kila mtu hupungua upana kidogo, na ya mwenye pumu hupungua sana. Mgonjwa akilala chali huona kama amewekewa gunia la mahindi kifuani. Kwa hiyo huinuka, huketi, huinama mbele, na kushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Hawezi kusema maneno mengi, kwa kuwa pumzi anayoipata anaihitaji yote.

Ndivyo Teedie alivyokuwa akilala: ameketi kitandani, ameegemezwa kwa mito, au ameketi kitini. Alipokuwa mtu mzima akaandika maisha yake, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1913, jambo mojawapo alilolikumbuka tangu utoto ni kwamba baba yake alimbeba mikononi usiku, akitembea naye chumbani huku na huko. Baba huyo alikuwa mtu wa kazi nyingi. Mchana alishughulika na biashara, tena alisaidia kuanzisha hospitali ya watoto wenye viungo vibovu, na aliwatunza watoto maskini waliouza magazeti barabarani. Usiku, mwanawe alipoanza kuhema, aliamka akamchukua.

Usiku mwingine kutembea chumbani hakukusaidia. Hapo baba aliamuru gari la farasi lifungwe, akamfunika mtoto nguo nzito, akamweka kando yake, wakaenda mbio katika barabara za New York zilizo tupu, ili upepo umwingie mtoto mapafuni. Nimejaribu kuifikiri picha hiyo: mji mzima umelala, taa chache zinawaka, na bwana mwenye ndevu anaendesha farasi kwa kasi kwa sababu mwanawe hana pumzi.

Madaktari wa wakati ule walijua kuuona ugonjwa, lakini kuutibu hawakuweza ila kidogo. Teedie alinyweshwa kahawa nyeusi kali. Alipewa dawa ya kumtapisha. Alipakwa haradali kifuani. Tena, jambo ambalo leo litamshangaza kila mtu, alivutishwa sigara nene, mtoto wa miaka isiyofika kumi na miwili. Msomaji asidhani kwamba wazazi wake walikuwa wajinga. Mwaka 1860 daktari Mwingereza Henry Hyde Salter, ambaye mwenyewe aliugua pumu, alitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo, na ndani yake aliisifu kahawa kali. Leo tunajua kwamba hakukosea kabisa, maana ndani ya kahawa kuna kitu kinacholegeza kidogo misuli ya mirija ya hewa. Bali moshi wa sigara ni adui wa mapafu, na mwenye pumu hapaswi kukaa karibu nao, wala karibu na moshi wa kuni na mkaa uliofungiwa chumbani. Wazazi wa Teedie walitafuta kila walichoambiwa, wakapata kidogo.

Kwa sababu ya maradhi hayo Teedie hakwenda shule kama watoto wengine. Alifundishwa nyumbani, kwanza na dada ya mama yake, kisha na walimu walioajiriwa. Mchana alikuwa amechoka kwa kukesha, naye alikuwa mwembamba, mwenye miguu kama vijiti. Lakini alipenda kusoma kupita kiasi. Siku moja alimwona sokoni, katika barabara ya Broadway, sili aliyekufa, yaani mnyama wa baharini, amewekwa juu ya ubao. Akarudi siku baada ya siku kumtazama na kumpima, na mwishowe akapata fuvu la kichwa chake. Kwa fuvu hilo alianzisha nyumbani kwao jumba lake dogo la makumbusho, pamoja na binamu zake. Alipokuwa na miaka tisa hivi aliandika juu ya wadudu. Mtoto asiyeweza kukimbia nje alikuwa ameupata ulimwengu wake katika vitabu na mifupa ya wanyama.

Hapa nitasimama kidogo. Teedie alisinzia mchana nyumbani kwao, na wote walijua kwa nini anasinzia, maana walikuwa wamekesha pamoja naye. Je, angekuwa mtoto wa maskini, ameketi katika darasa la watoto sitini, mwalimu angesema nini? Angesema ni mvivu. Mimi mwaka wangu wa kwanza wa sekondari niliitwa Bwana Usingizi, na jina hilo lilinifuata mpaka uwanja wa mpira. Mtu aliyekuwa macho tangu saa tisa ya usiku akipigania hewa, saa nne ya asubuhi kichwa chake huanguka mezani, hata akipenda somo namna gani.

Jambo hili lilianza kujulikana kwa waganga zamani sana. Mwaka 1889 daktari William Hill wa Uingereza aliandika katika gazeti la madaktari wa nchi yake kwamba baadhi ya watoto wanaohesabiwa kuwa wajinga na wazito shuleni wana njia za pua na koo zilizozibika, na kwamba zikizibuliwa, baadhi yao huchangamka. Mwaka 1892 daktari mashuhuri William Osler alieleza katika kitabu chake kikubwa cha uganga juu ya mtoto mwenye mafindofindo makubwa: hulala kinywa wazi, hukoroma, husumbuka usiku, na mchana huonekana mzito wa kujibu. Ugonjwa huo ni mwingine, si pumu, ingawa mtoto mmoja aweza kuwa nayo yote mawili. Findo za koo na tezi za nyuma ya pua zikiwa kubwa mno, mtoto akilala koo hujifunga. Hukoroma, kisha hunyamaza kabisa kwa muda, halafu hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Ubongo wake huamka mara nyingi bila yeye kujua. Asubuhi huamka ana kichwa kinachouma, wengine hukojoa kitandani, na darasani hawawezi kutuliza mawazo. Watoto wa namna hiyo wamechapwa na kuchekwa miaka mingi, na kumbe dawa ya wengi wao ni operesheni ya kuondoa findo na tezi hizo.

Sasa nirudi kwa Teedie. Mwaka 1869 wazazi wake waliwachukua watoto wote kwenda Ulaya, wakakaa huko mwaka mzima. Mtoto aliandika kila siku katika daftari lake, na humo pumu inatajwa mara kwa mara, mji baada ya mji. Waliporudi Marekani mwaka 1870, baba yake alimwita, akamwambia kwamba akili anayo lakini mwili hana, na kwamba akili bila msaada wa mwili haitafika mbali, kwa hiyo inampasa aujenge mwili wake mwenyewe. Kijana akaahidi kufanya hivyo. Alianza kwenda kwenye nyumba ya mazoezi, kisha baba yake akamtengenezea mahali pa mazoezi nyumbani. Huko aliinua vyuma na kuning'inia kwenye milingoti siku baada ya siku.

Hapo ndipo wasimulizi wengi wanapoharakisha. Husema kwamba Teedie aliinua vyuma, kifua kikapanuka, na pumu ikakimbia. Lakini yeye mwenyewe aliandika mambo mengine. Mwaka 1872 hivi, alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na amekwisha fanya mazoezi kwa muda mrefu, pumu ilimshika tena, akapelekwa kwenye Ziwa Moosehead katika jimbo la Maine apate hewa safi. Njiani, katika gari la farasi, alikutana na vijana wawili wa umri wake waliomchokoza. Akajaribu kupigana, akaona kwamba hata mmoja wao peke yake anamweza bila shida. Aliporudi nyumbani aliomba ruhusa kwa baba yake, akaanza kujifunza ngumi kwa mwalimu John Long, aliyekuwa bondia zamani. Mazoezi yalimpa mikono, miguu na moyo wa kutoogopa. Pumu ilipungua kidogo kidogo alipokua, kama inavyopungua kwa watoto wengi wanapofika ujanani, wala haikuondoka kwa amri ya mtu.

Kwa nini nalikazia neno hili? Siku moja ya michezo mgeni alituhutubia akatusimulia habari za Roosevelt, akasema kwamba pumu hushindwa na mwenye nia. Rafiki yangu mmoja, mwenye pumu kama mimi, alikuwa akimsikiliza. Jumamosi iliyofuata zilikuwapo mbio za nyika. Rafiki yangu aliiacha dawa yake ya kuvuta ndani ya sanduku bwenini kusudi, apate kushindana kiume. Alianguka baada ya kilima cha pili. Wavulana wawili walimrudisha mabegani, midomo yake imebadilika rangi, na muuguzi alimshughulikia mpaka magharibi ndipo alipoweza kusema. Alipona kwa neema ya Mungu. Tangu siku hiyo siwezi kuusikia mfano wa Roosevelt ukisimuliwa nusu nikakaa kimya. Kufanya mazoezi ni vizuri kwa mwenye pumu, na wako wenye pumu walioshinda katika mashindano makubwa ya dunia. Lakini hao hutumia dawa zao kwanza, ndipo wanakimbia.

Majira ya baridi ya mwaka 1872 mpaka 1873 familia ilisafiri Misri, wakapanda mto Nile kwa jahazi. Teedie alikuwa amekwisha pewa bunduki na miwani, maana iligunduliwa kwamba hakuona mbali. Alikusanya ndege na kuwakausha kwa ajili ya makumbusho yake. Hakujua kwamba baada ya miaka 37 angeufuata mto huo huo akitokea upande wetu.

Mwaka 1876 aliingia Chuo Kikuu cha Harvard. Alikuwa bado katika masomo wakati baba yake alipougua saratani ya tumbo, akafa tarehe 9 Februari 1878, mwenye umri wa miaka 46 tu. Theodore alikuwa na miaka 19. Yule aliyembeba usiku hakumwona akimaliza chuo, wala akiwa mbunge, wala akiwa rais.

Mambo ya siasa yake nitayapita upesi, kwa kuwa yamo katika vitabu vya historia. Alimaliza Harvard mwaka 1880, akaoa mwaka huo huo, na mwaka 1881 akachaguliwa katika bunge la jimbo la New York. Tarehe 14 Februari 1884 alipata msiba mara mbili: mama yake na mke wake kijana walikufa siku moja katika nyumba moja, mama kwa homa ya matumbo, na mke siku mbili baada ya kujifungua mtoto wa kike. Aliacha siasa kwa muda akaenda Dakota kufuga ng'ombe. Mwaka 1886 alioa tena, mke wake akiitwa Edith Carow. Mwaka 1895 alikuwa mmoja wa wakuu wa polisi wa New York. Mwaka 1898 alipigana vita Cuba. Mwaka 1899 akawa gavana wa New York. Mwaka 1901 akawa Makamu wa Rais. Septemba ya mwaka huo Rais McKinley alipigwa risasi akafa, na Roosevelt akashika mahali pake, mwenye miaka 42. Mpaka leo hakuna aliyekuwa rais wa nchi ile akiwa kijana kuliko yeye. Mwaka 1906 alipewa tuzo ya amani ya Nobel kwa kuwapatanisha Warusi na Wajapani.

Kati ya kazi zake za urais, mbili zinawahusu watoto na usingizi wao, ingawa hutajwa kwa nadra. Ya kwanza ni sheria ya chakula na dawa aliyoitia sahihi mwezi wa Juni 1906. Kabla ya hapo watengenezaji waliuza chupa za dawa kwa kikohozi, pumu na kila ugonjwa, bila kusema kilichomo. Zilikuwapo hata dawa za maji za kuwatuliza watoto wachanga walale, na ndani yake mlikuwa na mofini, kitu kitokacho katika kasumba. Mtoto alilala kweli, wengine hawakuamka. Kwa sheria ile ilikuwa lazima kuandika juu ya chupa kama ndani kuna kasumba, mofini, kokeini au pombe. Ya pili ni mkutano aliouita katika Ikulu ya Washington mwezi wa Januari 1909, kuzungumza juu ya malezi ya watoto wasio na wazazi wa kuwatunza.

Urais ulipokwisha Machi 1909, alisafiri pamoja na mwanawe Kermit kuja Afrika ya Mashariki. Walifika Mombasa mwezi wa Aprili, wakapanda gari la moshi kwenda bara, na Roosevelt aliketi kwenye benchi mbele ya injini ili awaone wanyama. Mwezi wa Desemba walivuka Ziwa Victoria mpaka Entebbe, wakafika Kampala, kisha wakaenda kwa miguu kupitia Hoima mpaka Butiaba kwenye Ziwa Albert. Kutoka huko walishuka kwa mashua mpaka ukingo wa magharibi wa Nile, wakapiga kambi wakiwinda vifaru weupe. Mahali hapo pangali panaitwa Rhino Camp. Machi 1910 walifika Khartoum.

Mtu akisoma habari za safari ile leo hataisifu yote. Baba na mwana waliua wanyama 512 kwa bunduki zao, na ingawa wengi walipelekwa kwenye makumbusho ya Washington kwa ajili ya elimu, hesabu hiyo ni kubwa. Tena katika kitabu chake cha safari aliwaandika watu wetu kama watoto wasiojua kujitawala, na katika neno hilo alipotoka. Lakini mimi, nikiifikiri njia ya kutoka Kampala mpaka Butiaba, nakumbuka vilevile kwamba aliyeitembea alikuwa yule mtoto wa kubebwa chumbani, sasa mtu wa miaka 51.

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya raha. Oktoba 1912 alipigwa risasi ya kifua katika mji wa Milwaukee, akaenda kuhutubia kwanza, ndipo akakubali kupelekwa hospitali. Mwaka 1914 katika mto mmoja wa misitu ya Brazil aliugua homa na jeraha la mguu, karibu kufa. Julai 1918 mwanawe mdogo, Quentin, rubani wa ndege, aliuawa vitani Ufaransa. Jioni ya tarehe 5 Januari 1919, nyumbani kwake Oyster Bay, Roosevelt aliona taabu ya kupumua. Daktari alikuja akampa dawa, akapata nafuu, akalala. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 6 alikufa usingizini, mwenye miaka 60. Madaktari walisema ni bonge la damu lililoziba mapafuni.

Alikufa kabla ya dawa zetu za leo kupatikana. Mwaka 1955 huko Marekani msichana mmoja wa umri wa miaka 13, mwenye pumu, alimuuliza baba yake, mkuu wa kampuni ya dawa, kwa nini dawa yake ya pumu isitiwe katika kopo la kupuliza kama mafuta ya nywele. Baba akalichukua swali hilo kazini, na mwaka 1956 kikopo cha kwanza cha kupuliza dawa kwa kipimo kilianza kuuzwa. Ndicho tunachokiita inhela. Mwaka 1969 ilitoka dawa ya salbutamol, ambayo hulegeza mirija ya hewa katika dakika chache. Baadaye zikaja dawa za kuvuta kila siku, ambazo hupunguza uvimbe ndani ya mirija ili pumu isije kabisa. Kazi ambayo baba Roosevelt aliifanya kwa farasi na gari usiku kucha, leo hufanywa na kikopo kinachoingia mfukoni, nacho kinafaa kuwamo mfukoni mwa mwenyewe wakati wote, siyo sandukuni.

Basi, ndugu zangu wa mabwenini, nawaomba mambo machache. Madaktari wa usingizi wanasema kwamba kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji kulala saa 8 mpaka 10 kila usiku, na mtoto wa miaka 6 mpaka 12 saa 9 mpaka 12. Kengele ya kuzima taa ikilia, tuwaache wenzetu walale. Magodoro na mablanketi tuyaanike juani na kuyakung'uta nje, kwa kuwa vumbi lake lina vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoamsha pumu. Mwenzako akikoroma na kukatika pumzi kila usiku, usimcheke. Mwambie metroni, apelekwe akaangaliwe koo. Anayesinzia darasani kila siku aulizwe kwanza jinsi alivyolala.

Na ukisikia usiku kifua cha mwenzako kinapiga filimbi, amka. Mketishe wima, usimlaze. Fungua dirisha ikiwa nje hakuna moshi. Mpe dawa yake ya kuvuta, na kama huijui inapowekwa, muulize leo mchana kabla usiku haujafika. Mtu mmoja akae naye, mwingine akimbie kumwita metroni. Ikiwa hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo yake inageuka rangi, au dawa haimpi nafuu, apelekwe hospitali usiku ule ule, bila kungoja asubuhi.